Injini ya Mvuke Itokayo Katika Kopo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na wazee, Morogoro)



Tumeombwa tunene habari za injini ndogo ya mvuke, namna iwezavyo kufanyizwa kwa makopo na vitu vilivyotupwa, ikazunguka kweli kweli. Twaitikia kwa furaha. Walakini tangu mwanzo twapenda ijulikane kwamba kazi hii ni rahisi kuliko wadhanivyo watu wazima, na ina hatari kuliko wadhanivyo watoto. Mwenye kusikia neno la kwanza asiondoke kabla ya kusikia la pili.

Mji wetu wajua mvuke tangu zamani. Reli iliyoanzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa mwezi wa Desemba 1907, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwa njia hiyo hiyo vilipita vipande vya meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, vikiwa vimefungwa masandukuni, vikaungwa tena Kigoma. Ndiyo meli ambayo tangu 1927 yaitwa Liemba, na mpaka miaka ya 1970 iliendeshwa kwa mvuke, ndipo ikatiwa injini za dizeli. Tena liko jambo moja ambalo wengi wetu hawalijui. Katika miaka ya 1955 na 1956 Reli za Afrika ya Mashariki zilipokea kutoka Manchester injini 34 za namna ya Garratt, kila moja yenye uzito wa tani 250 na zaidi, nazo zikapewa majina ya milima ya nchi zetu. Moja iliitwa Kimhandu, kwa jina la kilele kirefu cha Uluguru. Kazi yao ilikuwa katika njia ya Mombasa na Nairobi, hivyo Waluguru wengi hawakupata kuuona mlima wao ukitembea.

Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam na kuja Morogoro, nayo hupita bila moshi. Ni jambo jema sana. Lakini mwalimu amwonyeshe mtoto nini? Umeme hufanya kazi yake ndani ya waya, na jicho halioni kitu. Mvuke haufichi kazi yake. Maji yachemka, mvuke wapanda, chuma chasukumwa, gurudumu lazunguka, na kila hatua mtoto aweza kuigusa kwa kidole (ikiwa imepoa). Wala asiseme mtu kwamba mvuke umekufa. Viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, katika mkoa wetu huu, huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke wa kuendesha mitambo. Na huko Kinyerezi, Dar es Salaam, katika kituo cha pili cha umeme wa gesi, joto litokalo katika mitambo huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mitambo mingine ya umeme.

Kabla hatujashika mkasi, natutazame kidogo habari za James Watt, maana zahusu kazi yetu kuliko watu wanavyofikiri. Hadithi isimuliwayo shuleni ni kwamba alipokuwa mtoto aliona kifuniko cha birika kikiinuliwa na mvuke, akabuni injini. Hadithi ni tamu, lakini injini za mvuke zilikuwako kabla yake. Thomas Newcomen alikuwa na injini ya kuvuta maji migodini tangu 1712. Ukweli ni mzuri kuliko hadithi. Watt alikuwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 aliletewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen autengeneze, mfano wa kufundishia wanafunzi tu. Alipoutengeneza ukaenda, lakini baada ya mapigo machache ukasimama, kwa kuwa mvuke wote ulikuwa umekwisha. Mwingine angesema, “Ni mchezo tu, hauna nguvu,” akaurudisha kabatini. Watt aliuliza: mvuke umekwenda wapi? Akaona kwamba silinda hupozwa kwa maji baridi kila pigo, kisha mvuke mwingi hupotea kwa kuipasha moto tena. Kwa swali hilo alipata shauri la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, na mwaka 1769 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Basi mfano mdogo ulioharibika ndio uliozaa injini kubwa.

Sasa tuseme mvuke ni nini. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke chote, chataka nafasi ya vikombe zaidi ya 1,600. Ukiunyima nafasi hiyo, mvuke husukuma pande zote kwa nguvu moja: husukuma chini, juu, ubavuni, na katika kila tundu. Injini ni werevu wa kuuachia mvuke nafasi mahali pamoja tu, mahali tupatakapo sisi. Fikirini kinu na mchi. Kinu kikiwa chembamba kama kalamu, na mchi ukienea ndani yake bila kubana, kisha mvuke ukaingia kwa chini ya kinu, mchi utatoka nje. Kinu hicho mafundi hukiita silinda, na mchi huitwa pistoni. Kazi iliyobaki ni kuurudisha mchi ndani na kuutoa mvuke uliochoka, ili kazi ianze tena.

Nani atatupa silinda na pistoni zilizoeneana hivyo? Fundi wa Ulaya huzichonga kwa mashine ya thamani. Sisi tutazichukua katika antena ya redio mbovu. Antena ile ya kuvuta ni mabomba ya shaba yaingianayo, kila moja likiteleza ndani ya mwenzake. Bomba lenye upana wa milimita 7 kwa nje lachukua ndani yake la milimita 6. Kata la nje kiasi cha milimita 32, uzibe ncha moja kwa kipande cha shaba na lehemu: hiyo ni silinda. Kata la ndani milimita 12, uzibe ncha ya juu, na katika ncha ya chini utie spoki ya baiskeli iliyokunjwa kitanzi mwishoni: hiyo ni pistoni na mkono wake. Kutoka kichwa cha pistoni hata katikati ya kitanzi iwe milimita 38. Ncha zote zisuguliwe kwa msasa mpaka pistoni ianguke yenyewe ndani ya silinda kwa uzito wake. Ikikwama hata kidogo haifai, maana mvuke wetu si wa kulazimisha mambo.

Milango ya mvuke ndiyo inayowasumbua wengi, lakini iko namna moja isiyotaka vali yo yote, ambayo silinda yenyewe hucheza kama mtu anayetikisa kichwa. Chukua vipande viwili vya shaba vya unene wa milimita moja hivi. Kimoja kilehemiwe ubavuni mwa silinda, na kimoja kipigiliwe wima juu ya kibao. Nyuso mbili zitakazogusana zisuguliwe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, mpaka zisiache mwanga kupita. Katika kipande cha silinda tia skrubu ndogo, iwe mhimili. Ipite katika kipande kisimamacho, na nyuma yake weka springi ya kalamu ya wino na nati, ili springi ivivute vipande vishikamane. Juu ya mhimili huo, umbali wa milimita 12, toboa tundu moja la milimita 2 lipenye hata ndani ya silinda, karibu na ncha iliyozibwa. Katika kipande kisimamacho toboa matundu mawili ya upana huo huo, umbali ule ule wa milimita 12 kutoka mhimili, moja kulia na moja kushoto, na kati yao milimita 5 toka kitovu hata kitovu. Tundu moja litapokea bomba la mvuke, la pili ni la kutolea.

Chini ya mhimili, umbali wa milimita 35, weka ekseli ya spoki ndani ya kijibomba cha antena. Upande mmoja wa ekseli lehemu kisahani cha shaba chenye msumari mdogo uliosimama milimita 7 kutoka katikati. Kitanzi cha mkono wa pistoni huvaa msumari huo. Upande wa pili ni gurudumu zito. Kwa hili twashauri kifuniko cha kopo kilichojazwa saruji, kikakaa siku tatu kikinyunyiziwa maji. Wako waonao aibu kutia saruji katika injini. Nasi twasema uzito ni uzito.

Sasa mzungushe gurudumu polepole kwa kidole mbele ya wanafunzi, mtazame. Msumari ukienda upande mmoja, silinda yainama, na tundu lake lakutana na tundu la mvuke. Pistoni yasukumwa nje. Msumari ukifika chini kabisa, silinda imesimama wima, na tundu lake liko katikati, limezibwa na shaba. Gurudumu kwa uzito wake lapita mahali hapo, silinda yainama upande wa pili, na mvuke uliochoka watoka kwa tundu la kutolea. Mwalimu asiharakishe hapa. Tumeona watoto wa darasa la nne wakilizungusha gurudumu hilo kwa nusu saa bila kuchoka, kisha mmoja akaeleza vizuri kuliko tulivyoeleza sisi.

Wala usiwashe moto siku hiyo. Chomeka mpira wa pampu ya baiskeli katika bomba la mvuke, umwambie mwanafunzi mmoja apige pampu na mwingine alisukume gurudumu kwa kidole mara moja. Likizunguka kwa upepo wa pampu, litazunguka kwa mvuke, na darasa litakuwa limejifunza kwamba kinachofanya kazi ni msukumo, si moshi. Jina letu la gari la moshi limewapoteza watu wengi, kana kwamba moshi ndio unaovuta mabehewa! Lisipozunguka, kosa ni mojawapo ya matatu: springi imekazwa mno, au nyuso hazikulala sawasawa, au matundu hayakukutana.

Tumefika kwenye kopo la kuchemshia maji, na hapa twaomba masikio yenu yote.

Kopo la maziwa ya unga, lenye upana wa sentimita 10, lafaa sana. Kifuniko chake kilehemiwe pande zote, na juu yake yatobolewe matundu matatu: moja la bomba la mvuke, na mawili yenye upana wa sentimita moja na nusu. Matundu hayo mawili hayazibwi kwa skrubu, wala kwa lehemu, wala kwa mti mgumu. Huzibwa kwa gunzi la mahindi, kama mama zetu walivyoziba vibuyu. Gunzi ni kizibo, tena ni mlinzi. Lishindiliwe kwa vidole viwili, si kwa kiganja, wala lisipigwe kwa jiwe.

Sababu yake ni hesabu, nayo mwalimu aiandike ubaoni. Tuseme mvuke wasukuma kwa nguvu ya gramu 300 juu ya kila sentimita mraba. Pistoni yetu haifiki theluthi ya sentimita mraba, hivyo yasukumwa kwa gramu 85 tu, uzito usiofika mayai mawili. Wanafunzi watacheka. Kisha wahesabu kifuniko. Eneo lake ni sentimita mraba 78 na zaidi, hivyo wakati huo huo kifuniko chasukumwa kwa uzito wa kilo 23, yaani karibu nusu mfuko wa saruji. Msukumo ukiongezeka hata kilo moja kwa kila sentimita mraba, pistoni haitapata hata gramu 300, lakini kifuniko kitakuwa kimebeba kilo 78, uzito wa mtu mzima mwenye afya. Bati jembamba na uzi wa lehemu ndivyo vimzuiavyo mtu huyo. Akitoka, hutoka pamoja na maji yenye moto kupita yale ya sufuria, kwa kuwa maji yaliyobanwa huchemka kwa nyuzi zaidi ya 100. Kwa msukumo ule wa gramu 300 hufika karibu nyuzi 107. (Ni kinyume cha mambo ya juu mlimani. Katika kilele cha Kimhandu, penye hewa nyepesi, maji huchemka karibu nyuzi 91, na ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva kwa watu wakaao juu.)

Gunzi katika tundu la sentimita moja na nusu husukumwa kwa nusu kilo tu wakati kifuniko kinaposukumwa kwa kilo 23. Hivyo lashindwa mapema, laruka, mvuke watoka kwa mlio, na hatari imekwisha. Lakini gunzi likilowa huvimba na kubana. Kwa hiyo kila mara ya kuwasha moto yawekwe magunzi mapya makavu, na yawe mawili, ili moja likikwama jingine litoke. Injini kubwa za reli nazo zilikuwa na vali za usalama zaidi ya moja, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu asisimame akiyainamia. Wanafunzi wakae hatua tano mbali, na moto uwe nje ya nyumba.

Twasema haya kwa ukali kwa kuwa twajua tabia ya mvulana mwenye akili. Injini ikienda polepole, wazo la kwanza limjialo ni kukaza vizibo ili ipate nguvu. Tuliwahi kuona kifuniko cha kopo kilichofungwa kwa waya na vijana katika kijiji kimoja, kikatiwa motoni kwa mchezo. Kilikata jani la mgomba kikapita, na kwa rehema ya Mungu hakukuwa na uso wa mtu hapo. Mwalimu asiwaachie watoto kopo na moto pasipo yeye kuwapo, hata kwa muda wa kwenda kuitika mlangoni. Injini yenyewe wapewe wakae nayo na pampu ya baiskeli kutwa nzima, haina neno.

Liko jambo la pili la kuangalia, nalo ni maji. Lehemu ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi 190 hivi, lakini maji yakiwamo ndani, bati la chini halifiki huko, kwa kuwa maji hulipokonya joto. Maji yakikauka, lehemu huyeyuka na viungo hufunguka. Wenye injini za reli waliligeuza jambo hili kuwa ulinzi: juu ya tanuru walitia kizibo cha risasi, ili maji yakipungua kiyeyuke, mvuke uingie motoni, na dereva ajue. Kopo letu litiwe maji hata nusu tu, na moto uondolewe kabla hayajafika robo. Makaa machache katika jiko dogo yatosha. Koroboi haifai, kwa ajili ya masizi.

Basi siku ya mvuke imefika, makaa yamewaka, maji yalia ndani ya kopo. Tia tone la mafuta ya cherehani penye nyuso mbili na penye ekseli. Lisukume gurudumu. Injini haitazunguka. Itakohoa, itatema maji ya moto kwa tundu la kutolea, itasimama. Usivunjike moyo, wala usiruhusu mtu aguse magunzi. Waulize wanafunzi swali la Watt: mvuke umekwenda wapi? Umekwenda kuipasha moto silinda iliyo baridi, ukageuka maji humo. Endelea kulisukuma gurudumu kwa kijiti mara kumi, mara ishirini, mpaka shaba ipate moto; ndipo kikohozi kitakoma, na injini itashika mwendo wake yenyewe, ikilia kama mdudu wa usiku.

Ikiisha kwenda, msiishie kushangilia. Pimeni maji kabla na baada, mwone ni vikombe vingapi vimekuwa mvuke, na kwa dakika ngapi. Fungeni bomba la mvuke kwa kitambaa kikavu, mpime tena, mwone kama maji yaliyotumika yamepungua kwa mwendo ule ule. Pandisheni kijiwe kwa uzi uliozungushwa katika ekseli, mpime uzito na kimo. Wanafunzi wakubwa wakilinganisha kazi hiyo na makaa yaliyoungua, wataona kwamba katika sehemu mia za joto, injini yetu haikupata hata moja. Hata injini kubwa za reli hazikufika sehemu kumi katika mia, na zile zilizochoma kuni zilimaliza magogo mengi kwa safari moja. Mwenye kuliona hilo kwa hesabu yake mwenyewe ataelewa kwa nini mashirika ya reli yaliiacha mvuke yakachukua dizeli, na sasa umeme.

Kazi ikiisha, acheni kopo lipoe lenyewe, wala lisimwagiwe maji baridi. Ndipo magunzi yaondolewe, maji yamwagwe, na kopo likaushwe juani likiwa wazi, maana bati huota kutu upesi. Wote walioshika lehemu wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa ajili ya risasi iliyomo. Na kopo hilo, hata likiwa safi namna gani, lisirudi tena jikoni.